Kutoka Alhamisi Hadi Jumanne

Daktari wa mifugo alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akianzia kidole cha mwisho. "Jumamosi ulimchukua Mtwara. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na leo Alhamisi." Kidole gumba kilibaki kimesimama peke yake, naye akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mezani, juu ya gazeti la zamani, alilala Jasiri, mtoto wa mbwa wa wiki nane, chotara wa jamani shepadi, mwenye sikio moja lililoanza kusimama na jingine ambalo bado lilikuwa limelala. Tangu alfajiri alikuwa ametapika mara saba, kwanza chakula, kisha povu la njano, na kinyesi chake kilikuwa maji yenye damu na harufu nzito ambayo nguo zangu hazikuiachia hata baada ya kufuliwa. Daktari alimfinya ngozi ya shingo, akaivuta juu, kisha akaiachia. Haikurudi mahali pake. Ilibaki imesimama kama pindo la nguo iliyopigwa pasi, ikashuka polepole, na hapo nikaelewa, kabla hajaniambia, jinsi maji yalivyokwisha mwilini mwake.

"Siku ya tano, kaka," akasema. "Ungemleta siku ya pili ningekwambia ameondoka na ugonjwa kule kule. Ungemleta siku ya ishirini ningekwambia ameupatia kwako. Siku ya tano siwezi kukwambia kitu."

Zimepita wiki sita tangu siku ile, na jambo hili bado halijanitoka.

Hesabu

Daktari hakuwa na kipimo cha haraka. Alitibu kwa dalili, na kila dalili ilisema pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Virusi hivi vilianza kujulikana duniani mwaka 1978, na dawa za kawaida haziviui vikishaingia mwilini. Mnyama huwekewa dripu, hupewa dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki za kumkinga na bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka, kisha mwenye mbwa anasubiri. Akivuka siku tatu au nne za kwanza, matumaini huwa makubwa.

Jasiri hakuvuka. Alikufa Jumamosi baada ya magharibi, juma moja kamili tangu nimchukue, kichwa chake kikiwa juu ya kanga ya binti yangu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza hesabu yangu mwenyewe. Tangu virusi vya pavo kuingia mwilini hadi dalili ya kwanza kuonekana hupita kwa kawaida siku 3 hadi 7, na mara nyingine hadi 14. Nikirudi nyuma siku 7 kutoka Alhamisi ile, nafika Alhamisi iliyotangulia, siku mbili kabla sijamchukua, naye yuko bandani kwa mfugaji pamoja na mama na ndugu zake. Nikirudi siku 5, ni siku ya safari yenyewe, zaidi ya kilomita 100 ndani ya basi, boksi likiwa katikati ya miguu yangu. Na pale njia panda ya Mnazi Mmoja nilimteremsha akojoe kwenye mchanga ambao mbwa wa mtaani hupita kila siku wakitafuta mabaki ya chakula. Nikirudi siku 3, ni Jumatatu, naye yuko uani kwangu, Mtanda, hapa Lindi.

Nilichagua banda la mfugaji. Nilichagua upesi sana, na wakati ule sikuona kwamba ninachagua.

Zipo nchi zilizoamua kutomwachia mnunuzi hesabu kama hii. Jimbo la Florida, Marekani, linampa mtu aliyenunua kwa muuzaji wa kibiashara siku 14: daktari akithibitisha ndani ya muda huo kwamba mbwa aliuzwa akiwa mgonjwa, mnunuzi anaweza kumrudisha na kurejeshewa fedha, au kubadilishiwa, au kubaki naye na kulipwa gharama za matibabu. England, tangu Aprili 2020, mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe, na mnunuzi anatakiwa amwone akiwa na mama yake. Nilisoma hayo yote usiku mmoja, nikiwa na hasira, nikitafuta namna ya kuyatumia Lindi.

Ushahidi

Ya kwetu pia niliyasoma. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwa jumla kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji shughuli anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye biashara yake ndiyo hiyo, basi lipo sharti, hata kama halikutamkwa, kwamba bidhaa iwe inafaa kwa shughuli hiyo. Mimi nilimjulisha. Nilimwambia mzee yule mfugaji aliyeniuzia, waziwazi, kwamba nataka mbwa wa kulinda korosho zangu kabla ya kupelekwa ghalani, maana msimu uliopita magunia mawili yaliondoka usiku bila mtu kusikia mguu. Nilimlipa shilingi 150,000, nusu kwa simu na nusu mkononi. Hakukuwa na risiti wala karatasi yoyote.

Nikaanza kukusanya. Nilipiga picha matapishi, nikapiga picha chupa za dripu, nikatunza karatasi ya daktari, nikatafuta ujumbe wa malipo kwenye simu, nikaandika kwenye daftari kila neno la mzee nililolikumbuka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 niliipitia nayo, nikitafuta kifungu cha kumbana.

Kuna jambo moja ambalo sikuliandika katika daftari hilo. Ile Alhamisi, nikiwa mlangoni kwa daktari na Jasiri amefungwa kwenye taulo, daktari aliniita nyuma. "Mpigie aliyekuuzia, leo hii. Ana wengine wale."

Nikasema sawa.

Sikumpigia. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba nasubiri nione kama mbwa atapona. Siku ya pili nilijiambia kwamba nikimpigia mapema atapata muda wa kujitayarisha, atasafisha banda, ataficha wagonjwa, atatafuta shahidi wa kusema mama yao alichanjwa. Nilitaka nimfikie akiwa hajui. Nilishika simu Ijumaa jioni, nikalifungua jina lake, nikaiweka chini. Nilikuwa nimeshageuka kuwa mdai, na mdai haonyeshi karata zake kabla ya wakati.

Mjomba

Jumapili mjomba wangu alipita kunisalimu, akanikuta na daftari. Yeye ni mtu wa chuo, amesomesha watoto Kurani kwa miaka mingi, na tangu nilete mbwa nyumbani hakuwahi kunikaripia. Alisema tu kwamba mbwa wa kulinda shamba na mifugo ana ruhusa yake, na kwamba nihakikishe haingii anaposali mtu. Siku hiyo aliniuliza ninaandika nini, nikamweleza.

"Unadai thamani ya mbwa?"

Aliniambia, kwa upole, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii mbwa hauziki, kwa kuwa Mtume alikataza thamani yake; anayemfuga kwa haja anaweza kuachiwa na mwenzake, lakini bei haimo. Kwa hiyo dai langu, kwa upande huo, halina mguu wa kusimamia. Nilikasirika kidogo. Baadaye nimefikiri kwamba alikuwa amegusa kitu ambacho kwetu pwani hakisemwi: kwa kuwa biashara hii inaonewa haya, inafanyika kimyakimya. Muuzaji hana kibao, mnunuzi hatangazi alikotoa, hakuna risiti, hakuna kadi, hakuna jirani anayeuliza kama mbwa wa juzi alikuwa mzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata ugonjwa unasafiri bila habari.

Lakini mjomba hakuishia hapo. Alinikumbusha habari ya Mtume aliyepita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaambiwa: kwa nini hukuiweka juu watu waione? Anayeghushi si katika mimi.

"Hapo ndipo penye haki yako," akasema mjomba. "Kama alijua unyevu akauficha, anakukosea, mbwa awe na bei au asiwe nayo." Kisha akanyamaza, akaniuliza: "Na wewe hukuwa na unyevu wowote?"

Chini ya mwembe

Nilikuwa nao.

Wakati wa masika, kama miezi mitano kabla ya Jasiri, nilikuwa na mbwa mwingine, wa kienyeji, mdogo, niliyepewa bure na jirani. Alikaa wiki mbili. Akaanza kutapika, akaharisha, akafa katika siku tatu. Sikumpeleka popote, kwa sababu alikuwa wa bure. Nilisema ni sumu ya panya, nikamzika nyuma ya choo, nikaosha bakuli lake kwa maji na sabuni. Banda lake, lililoko chini ya mwembe ambapo jua haliingii, ndilo nililomlaza Jasiri, na bakuli lilikuwa lile lile.

Sabuni haiviui virusi vya pavo. Mahali penye kivuli na unyevu hudumu miezi mingi, hata mwaka, vikimsubiri mtoto wa mbwa anayepita akinusa. Jiki huviua, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikiachwa dakika kumi juu ya saruji au plastiki iliyokwisha kusafishwa, lakini kwenye udongo haifanyi kazi ya maana.

Daktari hakuwa ameniuliza kuhusu mbwa wa awali, nami sikumwambia. Mzee wa Mtwara, yeye, aliniuliza. Siku ya kununua aliniangalia nikimshika Jasiri, akasema, "Umewahi kufuga, mwanangu?" Nikajibu, "Ndiyo mzee, nimefuga." Hakuna uongo katika jibu hilo, na kwa wiki sita nimekuwa nikiligeuza kichwani. Kama ningemwambia kwamba mmoja alinifia uani kwa kutapika, huenda angeniambia nisimpeleke mtoto wake mahali pale. Huenda asingeniambia chochote. Sikumpa nafasi ya kuchagua.

Usiku ule sikulala vizuri. Kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kipo Mtwara, ambako ningeweza kwenda kuuliza kama kuna namna ya kupima kabla ya kumzika. Nilikuwa nimeshamzika, na kwa kweli sikuwa nimefikiria kabisa kupima, kwa sababu kipimo cha kweli kingeweza kunipa jibu nisilolitaka.

Jumanne

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kijana wetu hajambo?"

Alimwita kijana wetu. Daftari lilikuwa limefunguliwa mbele yangu, ukurasa wa maswali, nami sikusoma hata moja. Nikamwambia amekufa, nikamwambia daktari amesema pavo, nikamwambia na habari ya mbwa wangu wa masika. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikatazama simu kuona kama imekatika.

Nikamkumbusha kwamba aliniambia mbwa ameshachomwa sindano. Akasema ndiyo, alimchoma mwenyewe, na dawa alinunua dukani. Nikamwomba anisomee kichupa. Akaenda, akarudi, akasoma herufi moja moja, na kabla hajafika mwisho nikajua: ilikuwa aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi.

Hakunidanganya. Aliposema sindano, alimaanisha sindano. Nami niliposikia sindano, nilisikia chanjo. Na hata neno chanjo lenyewe, huku kusini, kwa watu wengi lina maana moja tu ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa tangu mwaka 2010 mikoa yetu ya Lindi na Mtwara iliingizwa katika mradi mkubwa wa kutokomeza ugonjwa huo, na watu walizoea kupeleka mbwa wao kuchanjwa bure. Kichaa kinaua binadamu, kwa hiyo kinatangazwa kwa vipaza sauti. Pavo haimwambukizi binadamu; inamaliza mbwa, na mbwa hawana wa kuwasemea. Chanjo yake huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuizima chanjo ya mapema. Mzee, anayefuga mwaka wa kumi na mbili, hakuwa amewahi kuambiwa hayo na mtu yeyote. Mama yao alikuwa na kadi ya kichaa, naye aliitunza kwa fahari.

Hata hivyo, sitaki kumpunguzia mzigo wake. Kwa maoni yangu mzigo mkubwa ni wa mfugaji, na nausema waziwazi. Yeye ndiye anayemwona mama, ndiye anayejua ndugu wangapi wamezaliwa na wangapi wamebaki, ndiye anayepokea fedha. Anayeuza kiumbe hai kwa shilingi 150,000 anapaswa kujua kilichomo ndani ya kichupa anachomchoma nacho, abandike lebo ya kichupa hicho kwenye kadi pamoja na tarehe, na asimtoe mtoto hata mmoja bandani iwapo mwenzake amekataa chakula. Mnunuzi naye anapaswa kuomba kadi hiyo kabla ya kutoa fedha, na kutamka alichonacho nyumbani. Mimi sikuomba kadi. Niliona haya kumwomba mtu mzima karatasi, kana kwamba ninamwita mwongo.

Nikamuuliza waliobaki wako wapi.

"Wapo wawili hapa. Mmoja hali tangu jana, nikadhani minyoo." Akavuta pumzi. "Mmoja alichukuliwa Jumapili."

Fedha

Hili halina maneno mengi. Jumatano asubuhi alinitumia shilingi 75,000 bila mimi kuzitaja, akaandika kwamba nyingine atazileta baada ya mnada wa korosho, au atanipa mtoto wa uzao ujao. Mtoto nilimkatalia, kwa sababu ya udongo wangu. Fedha nilizipokea. Matibabu yalikuwa yamenigharimu zaidi ya hizo, na nimejiuliza mara nyingi kama nilipaswa kuzirudisha. Bado naona kwamba tuligawana hasara kwa namna ambayo kila mmoja wetu anaweza kumtazama mwenzake usoni.

Wale wawili waliobaki, mmoja alikufa. Wa pili alipona baada ya siku sita za dripu, na mzee amesema hatamuuza.

Chikongola

Ijumaa nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa dada mmoja wa Chikongola, pale Mtwara mjini, mwenye duka. Mzee alimpa namba yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyezungumza na daktari. Yeye ndiye aliyemchukua mbwa wa Jumapili. Jumatatu usiku mbwa alianza kutapika, na Alhamisi alimzika.

Nilikaa na habari hiyo kwa sekunde kadhaa kabla sijaielewa. Mbwa aliyeugua siku moja tu baada ya kuondoka bandani hawezi kuwa ameupatia kwa mnunuzi. Siku 3 ndizo chache kabisa. Pavo ilikuwa kwa mzee. Kwa hiyo, kwa kadiri mtu anavyoweza kujua bila maabara, udongo wangu haukumuua Jasiri, na hasira yangu ya mwanzo ilikuwa imeelekea mahali pake. Nilichokuwa nimekitafuta kwa siku nane, katika sheria na katika daftari, nilikipata kwenye kaburi la mbwa wa mtu mwingine.

Alitaka kujua mambo ya kawaida: kama watoto wake wanaweza kuugua, nikamwambia hawawezi, kama afanye nini na boksi, nikamwambia alichome. Aliongea taratibu, bila lawama, kama watu wanaoongea msibani. Kisha akauliza kama vile anauliza saa.

"Wewe ulijua lini, kaka?"

Nikamwambia Alhamisi. Nikamwambia kwamba daktari alinituma nimpigie mzee siku ile ile, na kwamba nilimpigia Jumanne.

Nilisikia akihesabu. Hakuwa anahesabu kwa sauti, ila nilisikia. Dukani kwake mteja aliomba nusu kilo ya sukari, akapimiwa, akarudishiwa chenji, na simu ilikuwa bado hewani.

"Haya," akasema. "Ile jiki, ulisema sehemu ngapi za maji?"

"Thelathini," nikamjibu. "Moja kwa thelathini, dada, na uiache dakika kumi."